Chiriku na Mkono wa Msusi

Kila akitoka shule, Chiriku alikwenda moja kwa moja saluni kwa mama yake, akaanza kupanga nywele za bandia. Mikono ilifanya kazi, na mdomo nao haukupumzika hata kidogo. Ndiyo maana wateja walimbandika jina hilo, na ndiyo maana hakuna aliyemtilia maanani.

Siku hiyo mama alimaliza kumsuka muuza vitambaa, akainua bakuli la maji ya moto ili achovye ncha za rasta zisifumuke. Muuza vitambaa akapiga chafya ya nguvu. Bakuli likayumba, maji yakammwagikia mama mkono wa kulia.

"Uuwi, nimeungua!"

"Dawa ya meno! Ninayo hapa," muuza vitambaa alisema, akipekua mkoba wake.

Chiriku alizitupa nywele za bandia, akamkimbilia mama. Mkono ule ndio uliowalisha. Na somo la huduma ya kwanza walilofundishwa shuleni alilikumbuka vizuri.

"Shangazi, samahani, usimpake! Itazuia joto lisitoke. Mama, twende bombani. Na pete uivue sasa hivi, kidole kikivimba haitatoka."

"We mtoto, wakubwa wakiongea..."

"Nisamehe, shangazi, lakini leo sinyamazi."

Mama alimtazama mwanawe, akavua pete, akamfuata, akaukinga mkono chini ya bomba. Haukupita muda akataka kuutoa mkono majini. Chiriku akamshika kiwiko. Mwalimu alisema dakika ishirini. Basi akamwaga vituko vya darasani, kimoja baada ya kingine, mpaka mama akacheka huku machozi yakimtoka. Hata muuza vitambaa alisahau kununa. Kisha Chiriku akaufunika mkono kwa kitambaa safi bila kukaza, wakaenda zahanati.

Muuguzi aliufunua taratibu. Ulikuwa mwekundu, lakini ngozi haikuchubuka.

"Nani amekuhudumia?"

"Huyu wangu," mama alisema, akimsogeza Chiriku mbele, akasimulia yote, hata ya dawa ya meno.

"Hongera, binti. Maji safi ya baridi, si barafu, si mafuta, wala dawa ya meno. Na mkubwa akikosea, kumheshimu si kunyamaza. Mwambie ukweli kwa adabu, kama ulivyofanya."

Mama alimshika Chiriku kwa mkono wake mzima, wakapita katikati ya soko, kifua mbele. Kila aliyeuliza habari za bendeji aliyofungwa zahanati alijibiwa kwa sauti ya kusikika hadi vibanda vya mwisho: "Nimetibiwa na binti yangu!"