Daftari Lisilo na Kosa

Kila siku saa kumi alasiri, cherehani ya fundi nguo ilinyamaza. Wateja wake walijua. Ukifika saa hiyo na gauni lako, utakaa kwenye benchi usubiri. Fundi ana kazi nyingine: anamsikiliza binti yake masomo.

Binti alikuwa sekondari ya juu, mchepuo wa sayansi. Alitaka kuwa mpimaji wa maabara, yule anayechukua tone la damu akakwambia unaumwa nini. Alisimama katikati ya chumba, mikono nyuma. Mama alikaa na daftari mapajani, kidole juu ya mstari.

"Haya. Duara."

"Mzingo wa duara ni mbili mara pai mara nusukipenyo. Mfano. Nusukipenyo ni sentimita saba. Mbili mara ishirini na mbili kwa saba, mara saba. Jibu ni sentimita arobaini na nne."

"Umeruka. Hapa pameandikwa 'kwa hiyo jibu ni'. Rudia."

Binti alirudia. Safari hii hakuruka kitu, na mama akafunga daftari kwa furaha.

Mama mwenyewe aliishia shule ya msingi. Enzi zake waliimba jedwali la kuzidisha darasa zima, na aliyekosea alijua cha kumkuta. Alichojifunza kwa kuimba hakukisahau mpaka leo. Basi alimlea binti yake vilevile. Samaki mkunje angali mbichi, alisema.

Tena alikuwa na sheria moja. Hakutaka kuona daftari chafu. Ukurasa wenye makosa na mistari ya kufuta aliuchana mwenyewe, taratibu, usiache alama. "Mimi simpi mteja nguo yenye uzi unaning'inia," alisema. "Na wewe usimpe mwalimu uchafu." Kwa hiyo binti alijifunza kutoandika kitu mpaka awe na hakika nacho. Madaftari yake yalikuwa masafi kama sahani za wageni. Yalikuwa pia membamba sana, lakini hilo hakuna aliyeliangalia.

Jumatatu moja binti alirudi na barua ya shule. Aliiweka juu ya meza ya kukatia, akaenda kusimama mlangoni.

Mama alisoma polepole, neno kwa neno. Hisabati, kumi na tisa kwa mia. Fizikia, ishirini na tatu. Kemia, thelathini. Chini yake palikuwa na fomu: mzazi anaweza kuomba mwanafunzi aondolewe katika mchepuo wa sayansi, apelekwe masomo mengine. Irudishwe Ijumaa ikiwa na sahihi.

"Kumi na tisa," mama alisema. "Wewe? Juzi hapa hapa ulinisomea kitabu kizima bila kumeza mate."

"Nilikumbuka yote, Mama."

"Sasa?"

"Swali lilikuwa jingine."

"Jingine namna gani? Si duara hilo hilo?"

Binti alitazama miguu yake. "Darasani wananiita Redio," alisema. "Wanasema redio inaongea sana, lakini huwezi kuiuliza swali."

Mama hakucheka. Siku tatu hakulala vizuri. Alijiambia akili ni nywele, kila mtu ana zake, na huenda za mwanawe hazikuota upande wa hesabu. Akihamishwa atapata alama nzuri. Atapumua. Na mimi nitapumua. Alhamisi alasiri aliiweka fomu mbele yake, akafungua kalamu.

Hapo jirani akaingia. Alikuwa mpimaji wa maabara katika kituo cha afya, na mtaa mzima ulimwita Mama Hadubini, kwa sababu hakuna kilichompita bila kukichungulia. Alikuwa amemleta mpwa wake apimwe: msichana alitaka sketi ya mwamvuli, ile inayokatwa duara zima.

"Shikamoo, mama mkubwa," binti alisema.

"Marahaba, mwanangu. Fundi, hiyo karatasi gani unaiangalia kama deni?"

Fundi alimpa. Mama Hadubini alisoma, akavua miwani.

"Unajua unachosaini?"

"Ninamwondolea mtoto mzigo."

"Sawa. Na mwenyewe anataka kazi gani?"

"Kama yako."

"Basi kaa chini, shoga, nikuambie. Mimi nilipoomba chuo, kitu cha kwanza walichotazama ni haya masomo. Na si mimi peke yangu. Muuguzi, mfamasia, fundi umeme, mtaalamu wa kilimo, wengi wao wanaulizwa kemia, au fizikia, au hisabati. Kutoka humu ni sahihi moja. Kurudi ni shida kubwa. Umewauliza shuleni?"

"Sijauliza."

"Unasaini usichokiuliza. Wewe mteja akikuletea kitambaa, unakata kabla hujampima?"

Fundi aliweka kalamu chini. "Lakini anafeli, jirani. Na anajua. Msikilize mwenyewe. Haya mwanangu, duara."

Binti alimwaga yote, mzingo, pai, mfano, na "kwa hiyo jibu ni". Mama Hadubini alisikiliza mpaka mwisho.

"Vizuri," alisema. "Sasa mpwa wangu ana kiuno cha sentimita sitini na sita. Tundu la kiunoni ni duara. Mama yako aweke chaki umbali gani kutoka katikati?"

Binti alitazama daftari lake. "Mfano wetu ulikuwa na saba," alisema kwa sauti ndogo.

Fundi hakuweza kuvumilia. "Si kumi na nusu? Unagawa kiuno kwa sita, unapata kumi na moja, unatoa nusu. Ndivyo alivyonifundisha aliyenifundisha kazi."

"Na kwa nini sita?" Mama Hadubini aliuliza.

"Mimi nitajuaje? Inakaa vizuri kiunoni, basi."

Binti alikuwa anatazama meza ya kukatia kama vile imewekwa pale leo. Alichukua chaki. Aliandika juu ya kipande cha kitambaa chakavu, akafuta kwa kiganja, akaandika tena.

"Sitini na sita ndio mzingo," alisema, akijisemesha. "Tumepewa mzingo. Tunatafuta nusukipenyo. Mbili mara pai ni sita na kitu kidogo. Kwa hiyo tunagawa." Chaki ilikwaruza. "Kumi na nusu. Mama, ni kumi na nusu kamili. Ile sita yako ni pai mara mbili, na ile nusu unayotoa ni kwa sababu ya hicho kitu kidogo."

"Miaka yote hii nakata pai," fundi alisema, "na hakuna aliyeniambia."

Walicheka, hata mpwa. Kisha Mama Hadubini akaomba daftari. Alifunua kurasa, akafunua tena.

"Makosa yako wapi?"

"Hakuna makosa," fundi alisema. "Yakitokea nayachana."

Jirani alilifunga daftari. "Sisi maabara," alisema, "kipimo kikienda kombo, ni marufuku kukifuta. Tunapiga mstari mmoja juu yake, kisomeke. Maana kesho nataka kujua nilikosea wapi. Ukichana, kosa halikufa. Limebaki kichwani mwa mtoto, na mwalimu hana pa kuliona. Fundi gani asiyefumua?"

Maneno hayo yalimchoma fundi, kwa sababu yalikuwa ya kweli na yalisemwa mbele ya mteja.

Ijumaa alifunga duka asubuhi, akaenda shuleni na binti yake. Fomu ilikuwa mkobani, haina sahihi. Mwalimu wa hisabati aliwapokea kwenye chumba cha walimu, kati ya marundo ya madaftari.

"Mwalimu, mimi nina darasa la saba tu," fundi alisema. "Lakini nadhani aliyefeli ni mimi." Akamweleza yote, hadi kuchana.

Mwalimu alishika kidevu. "Kila nikimuuliza, umeelewa? Ananijibu, ndiyo mwalimu. Daftari safi. Nikadhani ni mvivu wa mtihani tu." Akamgeukia binti. "Nisamehe na mimi. Nilipaswa kukuita ubaoni ufanye swali mwenyewe."

Alisema shule itampa hadi mtihani wa mwisho wa muhula. Akipata arobaini katika kila somo, atabaki. Kisha akawaeleza namna. Kanuni lazima azijue, hilo halibishaniwi. Lakini kuzijua ni mwanzo. Kila siku afanye maswali machache, kitabu kimefungwa, mapya, si ya mifano. Kwanza aandike swali limempa nini na linataka nini. Akikwama, afungue kitabu, aone alipokwama, akifunge, aanze tena. Asichane. Sehemu na milinganyo ya kidato cha chini azirudie, kwa sababu msingi wake ulilegea hapo. Fizikia na kemia nazo zitanyanyuka, maana nusu ya shida yake kule ni hesabu. Na afanye pamoja na wenzake, amweleze mwenzake na mwenzake amweleze.

"Mimi nitasaidiaje?" fundi aliuliza. "Hayo siyajui."

"Vizuri sana kwamba huyajui. Muulize: kwa nini umefanya hivyo? Atakapobabaika, hapo ndipo penye tatizo."

Haikuwa kazi rahisi. Ulimi wa fundi ulizoea "umeruka, rudia", na mara nyingi aliuuma. Wanafunzi watatu wa darasa la binti walianza kuja, wakajaza benchi la wateja. Walibishana kwa sauti mpaka mteja mmoja akauliza kama hapa ni kwa fundi au barazani. Daftari la binti likawa na mistari, mishale na alama za kuuliza. Jaribio la kwanza lilileta thelathini na moja, na usiku ule fundi alikaa na daftari mkononi, vidole vinamwasha. Hakuchana. Asubuhi aliuliza tu, "Wapi?" Binti akamwonyesha: alisahau kubadili mita kuwa sentimita, maswali manne mfululizo. Jaribio lililofuata hakusahau.

Mtihani wa muhula ulitoa hisabati arobaini na saba, fizikia hamsini na mbili, kemia hamsini na nne. Si alama za kuwaita watu sherehe. Lakini binti alibaki sayansi, na fomu ile fundi aliitumia kukunjia vifungo.

Ewe mzazi, ukiwa na mtoto anayekariri vizuri, usilale. Mwombe akueleze kwa maneno yake. Na ukiletewa karatasi ya kubadili masomo, uliza kwanza mlango gani unafungwa.

Alasiri moja baada ya matokeo, fundi alikuwa ananyoosha nguo. Alinyunyiza maji kidogo, mvuke ukapanda, mikunjo ikanyooka.

"Mwanangu," alisema, "tangu nianze kazi hii najiuliza. Kwa nini pamba haikubali kunyooka mpaka uipe maji?"

Binti alifikiri. Zamani angesema neno lolote lililo karibu.

"Sijui, Mama," alisema. "Kesho nitamuuliza mwalimu wa kemia."

Fundi aliinamisha uso juu ya pasi, asionekane anavyotabasamu. Lilikuwa jibu zuri kuliko yote aliyowahi kusomewa katika chumba kile.