Jiwe Jekundu, Watu Sifuri

Taihesabu, ndege-mashine ya kuhesabu watu, ilitua saa saba mchana juu ya mawe meusi, ikakunja mbawa zake zinazokula jua. Kwa dakika arobaini ilikuwa imeimaliza kata nzima ya Jiwe Jekundu: kilomita za mraba mia tisa za mawe, mabonde ya mito inayopita mara moja kwa mwaka, na jabali moja jekundu lililoipa kata jina. Ikatangaza kwa sauti ya upole, "Nyumba, hakuna. Watu, sifuri."

"Sifuri!" Ndaraya, mlinzi wa bomba la maji, alicheka mpaka akashika kiuno. "Na mimi ni nini, injinia? Kichaka?"

Mhandisi Kerubo hakucheka. Yeye ndiye aliyeiunda mashine ile. Ilipaa juu kabisa ikapima joto la miili, kisha ikashuka kwenye bomba kumuuliza mtu wa kwanza iliyemkuta idadi ya wenzake. Sheria ya mwaka ule wa 2092 ilikuwa fupi: kata yenye watu chini ya hamsini ni eneo tupu. Maji yake hufungwa, na ardhi hupandwa vioo vya kuzalisha umeme wa miji. Kerubo alikwisha kuthibitisha kata nane tupu, zote akiwa mezani kwake Nairobi, kikombe cha chai mkononi.

Jiwe Jekundu ilikuwa ya tisa, nayo ilimtia mashaka. Mita ya bomba ilionyesha kwamba tangu Machi maji yalikuwa yakitumika maradufu. Wakubwa wake walisema bomba linavuja tu. Alitumwa atafute mahali linapovuja, kisha afunge. Alikuwa amelifuata bomba asubuhi nzima bila kuona hata tone.

"Hiyo ndege yako huja saa ngapi?" Ndaraya aliuliza.

"Jua likiwa kali. Ndilo chakula chake."

"Haya, shika hilo jiwe."

Kerubo alilishika, akaliachia upesi huku akipuliza vidole. Hapo akaelewa, na aibu ikampanda usoni. Saa saba mchana mawe ya huku yalikuwa yamefikia joto la mwili na kulipita. Kwa jicho la taihesabu, binadamu na vibanda vyake vya fito na ngozi vilikuwa mawe tu kati ya mawe.

"Lakini si ilikuuliza pia?" alijitetea.

"Iliniuliza, mko wangapi? Nikaiambia, tuko."

"Tuko si jibu, mama."

"Ulitaka nihesabu watu? Sisi hata ng'ombe hatuwahesabu. Ukitaja idadi, umekiita kifo kije kipunguze."

Kerubo aliikumbuka kanuni aliyoiandika mwenyewe alasiri moja, akiharakisha kwenda nyumbani: jibu lisilo na nambari liandikwe sifuri. Wakati ule aliona ni kanuni safi kabisa.

"Sasa ng'ombe wakirudi jioni, utajuaje kama mmoja amepotea?"

"Si naangalia? Namkosa yule yule. Yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda, mbona simwoni?"

"Basi niangalizie watu hivyo hivyo. Nitajie majina yao na mahali walipo. Idadi hatutaitaja."

Ndaraya alimpima kwa macho. "Na hiyo itanyamaza?"

Kerubo aliizima sauti ya taihesabu.

Ndaraya akaanza, akionyesha pande kwa kidevu. Nyuma ya jabali, kwa Lekupe: Lekupe mwenyewe, Nashipai, mkwe wao Naisula na wanawe. Kwenye bonde la mchanga mweupe, kwa Leparachao, hao walio na ngamia wakorofi. Kila jina likawa nukta kwenye ramani ya kioo cha taihesabu, na ramani iliyokuwa imelala wazi kwa miaka ikaanza kujaa. Nyumba moja ilikuwa mwendo wa nusu siku kutoka nyingine, lakini Ndaraya alijua hata nani alikuwa na jino linalouma. Nambari kwenye kona ya kioo ilipopita hamsini, Kerubo aliifunika kwa kiganja, huku moyo ukimwenda mbio kwa furaha. Maji hayatafungwa. Ilipopita mia, akaanza kushangaa.

"Hawa wa kwa Leseketeti, mbona wengi hivi?"

"Ni wageni wetu hao, wamekuja Machi. Kwao ni Mlima wa Chumvi. Bomba lao lilikauka, hata sababu hawakuambiwa. Ningewanyima maji?"

Mlima wa Chumvi ilikuwa kata ya nane aliyoithibitisha Kerubo kuwa tupu.

"Halafu kuna mama mmoja," Ndaraya aliendelea, sauti ikishuka, "na mzee wake, na mtoto wa mgongoni."

"Wako wapi?"

"Njiani."

"Nitajie majina yao basi, niwaandike kabisa. Watafika lini?"

Ndaraya alitazama kaskazini, ambako mawe yaliendelea mpaka yakakutana na mbingu.

"Majina yao hatuyataji tena, injinia. Maji yaliwaishia kabla hawajafika."

Kerubo alitaka kusema pole, akaona neno lenyewe ni dogo mno. Akalisema hata hivyo. Ndaraya aliitikia, akafungua bomba na kumkingia maji kikombeni. Hakujua anamkingia nani, na Kerubo alijua kwamba lazima amwambie.

Alifungua kwanza rekodi ya Mlima wa Chumvi. *Watu: sifuri. Imethibitishwa na Mhandisi Kerubo Onsare.* Aliifuta sifuri ile. Majina hakupewa, na idadi hakuwa na ulimi wa kuitaja mahali pale. Akaandika neno moja: *Walikuwepo.*

Taihesabu ilitafakari kidogo. Kisha, kwa kuwa jibu halikuwa na nambari, ikalifuta na kuandika sifuri.