Kutu Kwenye Kichanja cha Zabibu

Kila asubuhi Ebenezer wa Mkonze alikuwa na kazi mbili: kunywa chai na kuusifia mzabibu wake. Mzabibu ulitambaa nyuma ya nyumba, juu ya kichanja cha mabomba ya chuma na waya. Vishada vichanga vilikuwa tele. Lakini tusidanganyane. Mche ulitoka shambani kwa mama mkwe wake, Bibi Emilia wa Hombolo. Aliyeupanda ni mkewe, Violeth. Kazi ya Ebenezer ilikuwa kichanja tu.

Na kichanja kilikuwa kinaoza.

"Baba Sila, mabomba yanaliwa na kutu," Violeth alimwambia mumewe. "Hili la kona linabanduka kama maganda ya kitunguu."

"Nitalishughulikia."

"Umeanza lini kusema hivyo? Mama anakuja kesho kuuona mzabibu. Kichanja kikianguka na vishada vyote, utamwambia nini?"

Chai ilimpalia Ebenezer. Bibi Emilia hakuwahi kumtukana. Alikuwa akimtazama tu, halafu anaguna. Tangu siku ya posa, Ebenezer alitamani kitu kimoja: mama mkwe amwone kuwa ni mwanamume wa kazi.

Mbio hadi gereji! Akarudi na kopo la oili chafu, ile inayomwagwa kutoka kwenye injini za magari. Si ndiyo watu hupaka nguzo za mbao zisiliwe na mchwa? Akapaka mabomba yote, juu ya kutu ile ile, mikono mitupu. Yakameta. Oili ikachuruzika hadi kwenye mchicha wa mkewe.

"Mwanamume kazi, bwana!" akajisifu.

Kesho yake Bibi Emilia akaja moja kwa moja kutoka kanisani, na gauni lake jeupe.

"Shikamoo, mama," Ebenezer akasema. Alisimama mbali kidogo, kama heshima ya ukwe inavyotaka.

"Marahaba. Mzabibu wangu uko wapi?"

Vishada vikamfurahisha. Akaegemea bomba la kona ili avitazame vizuri. Lo! Bomba likalia kra, likainama. Bibi akalikumbatia asianguke. Alipoliachia, gauni lilikuwa na mstari mweusi kuanzia kifuani hadi magotini.

Ebenezer akachomoa kitambaa amfute. Akakumbuka: mama mkwe hashikwi! Akarudi nyuma. Akasogea tena. Akarudi tena.

"Violeth wee! Njoo umfute mama yako!"

Kelele zikamleta jirani yao Paskazia, fundi wa mageti. Mama huyu haoni aibu kujisifia ujuzi wake, na mdomo wake hauna breki. Akaegesha mti wenye panda chini ya waya, kichanja kikainuka. Kisha akanusa bomba.

"Oili chafu! Baba Sila, unataka kukaanga bomba?"

"Nimezuia kutu, dada."

"Umeifunika! Yenyewe inaendelea kula. Oili haikauki kama rangi. Inachuruzika kwenye udongo, na ina sumu. Mchicha huo msile."

Violeth akasonya, akaanza kuung'oa. Ebenezer akaona aibu hadi masikio yakamwasha.

"Sasa nifanyeje?"

"Hilo la kona limekwisha, tafuta jingine. Mengine yanapona. Vaa glavu, miwani na barakoa. Funika vishada. Tandika turubai chini, lidake uchafu. Futa oili kwa matambara na maji ya sabuni. Bomba likikauka, sugua kutu kwa brashi ya waya na msasa mpaka uone chuma chenyewe. Futa vumbi. Paka rangi ya kuzuia kutu. Ikikauka, paka rangi ya mafuta mara mbili. Soma kopo, isiwe na madini ya risasi. Na usipake upepo ukivuma. Kwa upepo huu wa Dodoma, vumbi lote litaganda hapo."

"Na udongo huu wenye oili?" aliuliza Violeth.

"Kwangueni, mweke kwenye ndoo yenye kifuniko pamoja na matambara. Msichome, msimwage mtaroni. Pelekeni kwa wanaokusanya oili chafu."

"Mbona mabomba yanaoza zaidi chini?" Ebenezer naye akauliza.

"Maji yanatuama. Zungushieni saruji yenye mteremko, maji yakimbie. Zibeni midomo ya juu, mvua isiingie. Na mwagilieni shina la mzabibu, siyo bomba. Maji ya kisima chenu yana chumvi. Chumvi na chuma havipatani."

Bibi Emilia akamtazama mkwe wake. Akaguna.

Mguno ule ulimuuma Ebenezer. Alisimika bomba jipya la kona, akasugua mengine moja baada ya jingine, huku miti ya panda ikishikilia waya. Alipojaribu kuruka msasa, Paskazia alimfokea kutoka ng'ambo ya ukuta. Hakuufunga tena mzabibu kwenye mabomba mpaka rangi ilipokauka kabisa.

Mvua zikapiga, upepo ukavuma, mabomba yakasimama wima. Vishada vikaiva.

Siku ya mavuno Bibi Emilia akaja. Akapita bomba kwa bomba, akilitikisa kila moja. Hakuna lililocheza. Akala zabibu.

"Mkwe, kazi hii umeifanya mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Kule Hombolo nina shamba zima la mabomba yenye kutu. Wanangu walitaka kuyagusa, nimewakataza. Nimewaambia, subirini, anakuja fundi wangu."

Machozi ya furaha yakamlenga Ebenezer. Kisha akakumbuka ukubwa wa shamba lile.

"Violeth," akanong'ona, "ile brashi ya waya bado ina meno?"