Kuponi za Chapuchapu

Kila Jumatatu asubuhi, kabla mashine za kiwanda hazijawashwa, karani alipita na bahasha ya kuponi. Kila mfanyakazi alipata kuponi sita za kijani, moja kwa kila siku ya kazi. Kuponi moja ilikuwa sahani moja ya chakula cha mchana kantini: wali au viazi, maharage, mboga za majani, na chungwa.

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Lakini kuponi zilikuwa na miguu. Zilitoka nje ya geti bila kuaga. Mwenye duka wa upande wa pili wa barabara alizipokea na kutoa sukari, sabuni au mafuta ya kupikia. Alizirudishaje kantini? Hilo alilijua yeye na mpishi. Fundi viatu alishona soli kwa kuponi mbili. Mlinzi alinyolewa kwa kuponi. Hata mzee wa boila, aliyechemsha maji ya kufulia, aliposa kwa kuponi. Kila Ijumaa alimtilia moja mfukoni mjane wa chumba cha pasi, mpaka mama wa watu akachoka kukataa.

Kiwanda hicho kilifua mashuka ya hospitali na hoteli. Humo alifanya kazi mama mmoja ambaye wenzake walimwita Chapuchapu, kwa sababu mikono yake haikujua kutulia. Kazi yake ilikuwa kukunja. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Mnashika ncha, mnavuta, mnakung'uta, kisha mnatembea mpaka mikono yenu ikutane. Mwenzake alikuwa mwanamke mrefu aliyeitwa Twiga.

"Kukunja na wewe ni kama kukunja na nguzo ya umeme," Chapuchapu alimtania.

"Na mimi je? Nakunja na kigoda," Twiga alijibu.

Wakati huo Chapuchapu alikuwa na mimba ya miezi mitano. Nyumbani alikuwa na wavulana wawili, na mume wake alikuwa fundi seremala. Kila Jumamosi Chapuchapu alifika nyumbani na sukari kilo moja na kipande cha sabuni. Wavulana walimpokea mlangoni wakiruka kama panzi. Jambo hilo lilimfurahisha kuliko kitu chochote.

Je, yeye alikula nini mchana? Alikunywa chai ya rangi, sukari vijiko vinne, na kipande cha mkate.

"Huli?" Twiga alimuuliza.

"Nitakula nyumbani."

Jioni mume wake alimuuliza, "Mbona umejipakulia kidogo hivyo?"

"Nimekula kazini. Nimeshiba."

Kazini alisema atakula nyumbani. Nyumbani alisema amekula kazini. Sahani mbili zikawa zinasingiziana, na yeye akabaki katikati na njaa yake.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakumwambia mtu. Stoo kulikuwa na gunia la wanga, ule unga mweupe wa kukazia mashuka ya hoteli. Kila alipopita hapo alichota kidogo kwa vidole na kula. Uliyeyuka mdomoni kwa raha. Alijiambia, "Ni hamu ya mimba tu. Itapita."

Siku moja ya joto, wakiwa katikati ya shuka, Twiga alisimama ghafla.

"Wewe. Unatetemeka."

"Sitetemeki. Vuta."

"Nakusikia kupitia shuka hili. Mikono yako inacheza kama ya bibi yangu."

"Twiga, tuna mashuka mia mbili ya hospitali. Vuta!"

Nyuma ya Chapuchapu kulikuwa na pasi kubwa ya mvuke. Alirudi nyuma hatua moja. Macho yakaingia giza. Alianza kuanguka kuelekea kwenye pasi, lakini vidole vyake vilikuwa bado vimeshika shuka. Twiga alilivuta kwa nguvu zake zote. Chapuchapu akaja mbele na kuangukia kifuani kwake.

"Leo urefu wangu umekufaa," Twiga alisema huku akihema. Lakini hakucheka. Wala hakuna aliyecheka.

Walikwenda zahanati. Mume naye aliitwa, akafika na vumbi la mbao kichwani. Muuguzi alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuita watu mbali. Alivuta chini ukope wa jicho la Chapuchapu. Ndani palikuwa peupe. Akamchoma kidole na kupima damu.

"Damu yako ni nane," alisema. "Mjamzito anatakiwa awe na kumi na moja au zaidi. Mama, hapa tusichekeane. Ukifika siku ya kujifungua na damu hii, ukivuja hata kidogo tunaweza kukupoteza. Na mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati. Jana mchana ulikula nini?"

Mume alimjibia. "Anakula kazini. Wana kuponi."

Twiga alikuwa amesimama mlangoni. Alishindwa kujizuia. "Shemeji, kuponi za mkeo ziko kwenye kopo lako la sukari."

Mume alimgeukia mkewe.

"Kwa hiyo mimi nimekuwa nikikoroga chakula chako kwenye kikombe?" aliuliza.

"Watoto walikuwa wanafurahi," Chapuchapu alisema. Machozi yakamtoka.

"Na hamu?" muuguzi aliuliza. "Unatamani nini? Udongo? Chaki?"

Chapuchapu aliinamisha kichwa. "Wanga wa mashuka."

"Haya, tumefika. Hiyo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu. Wanga huo unajaza tumbo na hauongezi damu. Acha kuanzia leo. Sasa nisikilizeni wote wawili."

Aliwaeleza taratibu. Damu hujengwa kwa madini ya chuma. Madini hayo yamo kwenye maharage, dengu, mboga za majani za kijani, nyama na samaki. Chungwa au limau husaidia mwili kuyachukua. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia.

"Kunywa chai ukitaka, lakini subiri saa moja baada ya kula. Na vidonge hivi vya kuongeza damu, meza kimoja kila siku kwa maji. Choo kitakuwa cheusi. Usiogope, ni vidonge tu. Tena, jioni usijipakulie mwisho. Jipakulie kwanza."

"Kabla ya mume wangu?"

"Mume wako ana mimba?"

Hapo hata mume alicheka.

Kesho yake Chapuchapu aliingia kantini na kuponi yake. Mpishi aliichana, akabaki na nusu na kumrudishia nusu, kama alivyomfanyia kila aliyekula. Chapuchapu alikaa mbele ya sahani. Tonge la kwanza lilikataa kushuka. Aliwaza kopo la sukari. Twiga alimsogezea chungwa.

"Kula, kigoda. Nimechoka kuvuta."

Akala.

Jioni mume alimsubiri mlangoni, mkono umenyooshwa. "Kipande kiko wapi?"

Alimpa ile nusu ya kuponi. Mume akaibandika ukutani. Tangu siku hiyo, kila jioni ilikuwa vivyo hivyo. Wavulana waligombania zamu ya kubandika. Walinung'unika kuhusu chai isiyo na sukari ya kutosha, baba yao akawaonyesha ukuta. "Sukari ile pale. Inamlea mdogo wenu." Walizoea.

Baada ya wiki nne damu ilikuwa tisa na nusu. Hamu ya wanga ilikwisha, akapita stoo bila hata kugeuza shingo. Mwezi wa nane wa mimba ilifika kumi na moja na pointi mbili. Muuguzi alipiga meza kwa kofi la furaha. Chapuchapu alijifungua salama, mtoto wa kike mwenye sauti ya kuita watu mbali. Twiga alimwita Kuponi, na jina likamganda.

Sasa kiwanda hakitoi kuponi tena, kinatoa kadi. Mzee wa boila na mjane wake wana wajukuu. Kuponi naye ni mtu mzima, na wiki hii ameanza kazi palepale, kwenye meza ileile ya kukunja. Siku ya kwanza alirudi jioni, akajitupa kwenye kiti.

Mama yake alimwekea sahani mbele.

"Mama, nimekula kazini. Nimeshiba."

Chapuchapu alisimama. Akanyoosha mkono. "Kipande kiko wapi?"

"Siku hizi hakuna kipande, mama. Ni kadi tu, unagusisha."

"Basi fungua mdomo."

"Mama!"

"Fungua."

Kuponi alifungua mdomo huku akicheka. Mama yake aliinama, akatazama vizuri. Kati ya meno mawili ya mbele palikuwa na kijani cha mboga.

"Haya," Chapuchapu alisema, akaketi. "Kapige mswaki."