Somo la Wakati Ujao

Vasiti na Apenisa walikutana soko la Suva, mji mkuu wa Fiji, mvua ikimwagika, kila mmoja kashika fungu lilelile la magimbi. Vasiti alivaa gauni la maua mekundu lililolowa mpaka magotini. Apenisa, sulu yake ya kijivu, ile sketi ya wanaume wa huko, imenyooka kwa pasi, alijua kujipenda.

"Niachie, dada, mimi nimeyaona kwanza."

"Umeyaona, mimi nimeyashika. Haya, nyang'anya kama unaweza!"

Wakagawana huku wakicheka.

Jumamosi Apenisa akamwona tena, safari hii darasani kwake, maana Apenisa alifundisha Kiingereza na Vasiti, muuguzi, alitaka kufaulu mtihani akafanye kazi Auckland, New Zealand. Haukupita muda simu zikaanza.

"Umelala, mwalimu wangu?"

"Nitalalaje na wewe uko mbali?"

"Muongo we! Nakusikia unapiga miayo."

Wakakubaliana kuoana Desemba, na Vasiti akaacha habari za Auckland.

Ndipo likaja somo la wakati ujao. Waingereza wana namna nyingi za kusema kesho: moja ya jambo lililokwisha pangwa, moja ya uamuzi wa papo hapo, moja ya kubahatisha tu. Apenisa akataka mifano. Vasiti akasimama, uso umemchangamka, akachagua ile ya mpango: yeye na mwalimu wanaoana Desemba.

Hakukosea hata kidogo. Lakini mkuu wa chuo alikuwa mlangoni, na Apenisa, mwanamume mzima, akaingiwa na woga.

"Umekosea," akasema. "Hiyo ni ya mipango. Ndoto zako tumia ile ya kubahatisha."

Darasa likaangua kicheko. Vasiti akachukua mkoba wake akatoka, na tangu siku hiyo simu yake haikupatikana.

Kwetu mwenye kosa hajiombei mwenyewe. Mkubwa wake ndiye hubeba mizizi ya yaqona, kinywaji chetu cha heshima, na kumsemea, kwa hiyo Apenisa ilimbidi amweleze mjomba wake, Isikeli, kila kitu.

"Ulimkana?"

"Nilimkana, mjomba."

"Mbele za watu?"

Apenisa akainamisha kichwa. Alitamani ardhi impasukie.

"Basi utakaa nyuma yangu, na mdomo wako uufunge."

Kwa kina Vasiti, mjomba aliiweka yaqona mkekani akasema maneno ya toba. Baba yake Vasiti akaigusa mizizi, akapiga makofi. Imepokelewa, yamekwisha. Vasiti akamsindikiza Apenisa hadi getini.

"Baba amekusamehe, na mimi nimekusamehe."

"Basi Desemba, mpenzi?"

"Mtihani nimefaulu. Jumatatu napanda ndege. Auckland."

"Nitakufuata!"

"Hapa getini kila mtu ni shujaa, Apenisa. Mimi uliniumbua darasani."

Jumamosi, Vasiti ameshaondoka, Apenisa alimwomba mkuu wa chuo aje akae mbele ya darasa. Akasimama, jasho likimtiririka shingoni.

"Vasiti alisema sawa. Tulikuwa tumepanga. Mimi nilidanganya kwa kuogopa kazi yangu, nikamfanya mwanamke ninayempenda achekwe."

Hakuna aliyecheka. Mkuu wa chuo alitazama viatu vyake. Mama mmoja wa nyuma alikuwa anarekodi kwa simu, na Apenisa alimwona, akamwacha.

Jioni simu ikalia, namba ya ng'ambo.

"Nimetumiwa," Vasiti alisema. "Sauti ilikuwa inakutetemeka."

"Niliona aibu, mpenzi. Mpaka sasa naona."

"Vizuri. Kaa nayo kidogo." Akavuta makamasi. "Halafu utafute tiketi."