Kahawa Iliyokwama Njia ya Oslo

Soko la Mbuyuni lilikuwa limefurika Jumamosi ile. Katikati ya njia, mbele ya marundo ya ndizi mshare, alisimama kijana mrefu aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mabuti yenye tope la shamba. Alikuwa akiongea Kiingereza kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayeamini kwamba Ulaya haisikii vizuri.

"Ndege, bwana! Ipande ndege, ifike upesi!"

Msichana aliyekuwa akichagua ndizi aligeuka. Alivaa gauni la kitenge cha bluu lililomkaa sawasawa.

"Kaka, mzigo gani huo?"

"Kahawa. Iko ghalani Hamburg, Ujerumani. Inatakiwa Oslo, kule Norway."

"Ukiipandisha ndege, nauli itaimeza kahawa yote. Mwambie asubiri."

"Na wewe ni nani?"

"Mtu uliyemzibia njia."

Wengine hukutana kanisani wakiwa wametulia, lakini Efraimu wa Masama na Beatha walikutana hivyo, wakigombana. Beatha alifanya kazi kwa wakala wa mizigo mjini Moshi. Baba yake alitoka Singida kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, na Beatha akazaliwa hapahapa. Efraimu aliwauzia majirani zake kahawa yao nchi za nje. Mnunuzi wa Oslo alitaka kuionja kabla ya kukubali mavuno yote ya msimu ujao, na kijiji kizima kilikuwa kinasubiri jibu lake.

Jumatatu Efraimu alikuwa ofisini kwa Beatha, akinukia marashi hadi mlinzi akacheka.

"Ndege ni ya haraka, bei yake kali," Beatha alieleza. "Inafaa dawa, maua, na watu wenye presha."

"Mimi nina presha tangu juzi."

"Ya nini?"

"Ya gauni la bluu."

"Kaka, sikiliza. Meli ni nafuu, ila mzigo mdogo husubiri kontena lijae, na kahawa haipendi unyevu. Lori linapita Denmark na Sweden, linafika kwa siku chache. Si ghali, si bure."

"Kama mimi."

"Wewe bado sijakupima."

Alimpima, na akampenda vibaya sana. Jumapili alipanda Masama, mama yake Efraimu akampikia mtori na kumwita mwanangu. Efraimu aliapa kwamba kahawa ikikubaliwa tu, washenga wangeshuka Mabogini kwa wazazi wake Beatha. Beatha alishaanza kumtania mama yake kuhusu vitenge vya siku hiyo.

Mchana mmoja kabla lori la kahawa halijaondoka Hamburg, Beatha alipiga simu.

"Efra, Norway haimo kwenye Umoja wa Ulaya. Mpakani wataomba karatasi za forodha. Umemwambia yule Mjerumani wa ghala aziandae?"

"Ndiyo, mpenzi wangu. Sasa niambie, Jumapili utavaa lile la bluu?"

"Umemwambia lakini?"

"Nimesema ndiyo, roho yangu."

Hakuwa amemwambia. Hakukusudia kudanganya pia. Alikuwa anasikiliza sauti, maneno yanampita. Tena binamu yake Julius, anayeishi Ulaya, alishamwambia kwamba huko unavuka nchi bila kuulizwa karatasi, kama unavyotoka Masama kwenda Machame.

Lori lilizuiwa mpakani. Karatasi zilipopatikana, mnunuzi wa Oslo alikuwa amechukua kahawa ya watu wengine.

Wakulima walijaa uwanjani kwa kina Efraimu. Mzee Eliamini, mwenyekiti wao, alitaka kujua nani amewaponza. Efraimu akampigia Beatha, akaweka spika wote wasikie.

"Beatha, mbona hukuniambia habari za karatasi?"

"Nilikuambia, Efra. Nilikuuliza mara mbili, ukasema ndiyo."

Wazee walimtazama Efraimu.

"Hukuniambia! Ingekuwa kahawa ya kwenu ungekumbuka. Lakini wewe mtu wa kuja, uchungu wa kahawa utaujulia wapi?"

"Haya," Beatha alisema, akakata.

Alijifungia chooni ofisini, akalia kwa uchungu mpaka akashika ukuta. Mji aliozaliwa, aliosomea, alioimbia kwaya, leo ameambiwa si wake, na aliyemwambia ni mtu aliyempenda kuliko wote. Halafu alinawa uso akarudi kwenye mizigo ya watu.

Wiki iliyofuata Efraimu alimpigia Mjerumani kumlaumu. "Lakini hukunitajia karatasi hata siku moja," Mjerumani alijibu kwa upole. Hapo ndipo ile simu ya Beatha ya mchana ule ilipomrudia, neno kwa neno. Kwa hili nampa haki yake: alipita nyumba kwa nyumba akawaambia wakulima kosa ni lake, akatukanwa, akanyamaza.

Kisha alishuka Mabogini amevaa suti, na jani la isale limefungwa fundo mkononi. Kwa Wachagga, aliyeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Alimkuta Beatha kando ya mashamba ya mpunga, mama yake akianika nafaka karibu.

"Shikamoo, mama," alisema, kisha akamgeukia Beatha. "Nimewaambia wote ukweli. Nimekuja kuomba msamaha."

Beatha alilitazama lile jani.

"Mimi mtu wa kuja, Efra. Mila hii hainifungi. Naweza kukurudishia."

"Najua."

Akalipokea.

"Nimekusamehe. Kwa moyo wangu, si kwa sababu ya jani."

Uso wa Efraimu ulifunguka. "Basi Jumapili niwalete washenga?"

"Hapana."

"Si umenisamehe, mpenzi?"

"Nimekusamehe, na nakupenda bado. Lakini siku mambo yakiharibika tena, wazee wako wakitafuta wa kulaumiwa, watoto nitakaokuzalia utawaambia ni wa wapi?"

Efraimu alifungua mdomo. Alitaka kuapa, akakumbuka lile neno la mtu wa kuja lilivyomtoka kirahisi, hakuna aliyemlazimisha. Beatha alimsubiri. Mungu anajua alivyotamani Efraimu apate la kujibu. Maji yalipita kwenye mifereji, mama akageuza mpunga upande wa pili, Efraimu akaaga bila kuapa.

Alipopanda bodaboda kurudi Masama, Beatha alikuwa amesimama palepale, jani mkononi, akilia waziwazi mbele ya mama yake.