Uso wa Kwenye Karti

— Kanyere, funga studio. Wamemukamata Floribert ku barieri ya Itebero. Wanasema karti si yake.

Aliyepiga simu ni Jules, mwendesha pikipiki mwenzake Floribert. Kanyere hakuuliza kwa nini. Alijua. Studio yake ilikuwa kona moja ya duka la Muhindo, hapo Mubi; akaacha wateja wakimwangalia, akabeba kompyuta, akatoka.

Picha ya karti ile aliitengeneza yeye. Floribert, mchumba wake, ana kovu la panga kutoka chini ya jicho la kushoto hadi kidevuni. Alikatwa siku kijiji chao cha Ntoto kiliposhambuliwa, akimtorosha dada yake. Kanyere alimpiga picha ili amtumie mama yake Butembo, amwone mkwe, kisha akaogopa. Mama angesema mtu wa sura hiyo ametoka msituni na bunduki. Basi akaifungua picha kwenye kompyuta. Kile kivuli ndani ya kovu akakiangaza. Ukingo uliokuwa unang'aa akautia giza. Mwisho akalainisha ngozi mpaka shavu likawa kama la mtoto, akaituma. Baadaye, kwa haraka za kazi, picha hiyohiyo ikaingia kwenye karti yake ya utambulisho ya chama cha madereva wa pikipiki. Floribert alipoiona alicheka tu, akasema mashini za siku hizi zinapenda kupamba watu.

Miezi ile vita ilikuwa imekaza, barabara ya Butembo imefungwa. Kwenye barieri, vizuizi vya askari barabarani, walitafutwa wapiganaji wanaotembea na karti za marehemu, na si wote waliopelekwa nyuma ya kibanda waliorudi.

Jules alimpakia Kanyere, kompyuta kifuani. Walimkuta Floribert amekalishwa kwenye matope, mikono imefungwa nyuma. Alimtazama Kanyere.

Kapiteni, mtu mzima asiye na haraka, aliweka karti mezani.

— Huyu wa picha hana kovu. Huyu wangu iko nalo. Mwenye karti mulimuzika wapi?

— Njo yeye mwenyewe, Papa Kapiteni. Kovu nililifuta mimi.

Akaweka picha ya kwanza kando ya ile ya karti, akaeleza alipoangaza, alipotia giza, alipolainisha. Mkono haukukosea. Mbele ya askari kovu likapotea, likarudi. Floribert naye alikuwa anaangalia, ila macho yake hayakuwa kwenye kompyuta. Yalikuwa kwa Kanyere.

Kapiteni akaisukuma kompyuta kando.

— Kama unajua kufuta kovu, unajua pia kulichora. Hii haionyeshi kitu.

Akamwamuru Kanyere ampigie simu mtu wa mbali anayemjua huyu mwanaume, asiye na habari kwamba amekamatwa. Sauti isikike kwa wote, na Kanyere asitamke neno kovu.

Ntoto kwa kina Floribert hakuna rezo, simu hazishiki. Alibaki mtu mmoja tu, naye ndiye aliyedanganywa. Mama akieleza ile picha aliyotumiwa, Floribert amekwisha. Kanyere akabonyeza jina la mama yake.

— Mama, yule bwana niliyekutumia picha, unieleze anafanana namna gani.

Askari mmoja alikuwa ameshamnyanyua Floribert kwa kola.

— Picha ile ilikuwa ya kudanganya mama yako, akasema Mama Elisabeth. Muhindo alipokuja Butembo kuchukua bidhaa nilimuuliza. Akaniambia mukwe wangu ni murefu, anaongea kidogo, na panga ilimukata uso wote upande wa kushoto, sababu ya dada yake. Nilingoja uniambie mwenyewe. Nangoja mpaka leo.

Kanyere akaziba mdomo kwa kiganja. Kapiteni akalitazama shavu la Floribert, akalitazama tena, kisha akamwambia askari afungue kamba.

Floribert hakupanda pikipiki. Alitangulia kwa miguu, Kanyere akimfuata na kumwomba msamaha, hadi aliposimama.

— Uliona haya na mimi.

— Niliogopa mama.

— Mama hajaniona hata siku moja, na amenikubali. Wewe unaniona kila siku.

Tangu hapo Floribert hakukanyaga studio. Akipita barabarani, hakupunguza mwendo. Kanyere alikonda. Mwishowe akamwandikia kwa simu: «Si mama. Ni mimi nilikuwa na haya. Unisamehe ao uniache, lakini usinyamaze.»

Jibu lilikawia mpaka akaacha kulingoja: «Barabara imefunguka. Lori ya Muhindo inaenda Butembo. Mimi naenda kuona mama. Kama unataka, panda.»

Alipanda. Safari nzima waliongea habari za matope na madaraja tu. Walipofika, Mama Elisabeth alifungua mlango, akaushika uso wa Floribert kwa mikono miwili na kuugeuzia kwenye mwanga.

— Karibu, mwanangu. Dada yako anaendelea vizuri?

Tangu akatwe panga, watu walikuwa wamemuuliza mengi juu ya uso ule. Hilo hakuna aliyewahi kumuuliza. Floribert, ambaye barieri haikumtoa chozi, aliinamisha kichwa begani kwa mama yule akalia. Kanyere alibaki nje na mizigo, hajui kama aingie, hadi Floribert alipomnyooshea mkono nyuma yake, akaushika.

Padri wa parokia ya Mama Elisabeth alikubali kuwafungisha ndoa hukohuko, kabla lori haijarudi Mubi.